Mama Hakuwa Mtoro

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Afya, mgeni wetu rasmi; Mkuu wa Taasisi hii ya utafiti; watafiti, wauguzi na wahudumu wa maabara; wazazi wetu na wagonjwa mliopona; na wewe, Daktari wetu unayestaafu leo: nawaamkia nyote kwa heshima, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na nimeombwa kuzungumza kwa niaba ya familia za wagonjwa. Mwalimu wangu wa Kiswahili aliisoma hotuba hii jana akayakata maneno makali yote. Yaliyobaki ndiyo ya upole, kwa hiyo mnivumilie.

Hapa mnamwita Profesa. Mtaani kwetu tunamwita Daktari Chupa, kwa sababu alipita nyumba hadi nyumba na kikapu cha vichupa, akiomba damu na mkojo kwa adabu, kama jirani anayeomba chumvi. Kabla ya hapo alikaa miaka ishirini katika chumba kimoja cha jengo hili, akichunguza jinsi ini linavyovunja dawa mwilini. Alionyesha kwamba kuna watu ambao ini lao huvunja dawa haraka, na wengine polepole, hata kidonge kinachomponya huyu kikarundikana mwilini mwa yule na kumuumiza. Alipotaka kwenda kwenye zahanati, wakubwa wake walimwambia, "Wewe ni mtu wa maabara. Mambo ya mitaani waachie watu wa afya ya jamii."

Akawajibu, "Ini nimelisoma mimi, lakini mwenye ini anakaa mtaani."

Mmoja wa wenye ini hao ni mama yangu.

Nilikuwa darasa la tatu alipoanza dawa za kifua kikuu. Alimeza kila asubuhi, mimi nikimshikia kikombe. Wiki ya tano nyayo zikaanza kumwaka moto, akawa anatapika, macho yakageuka ya njano. Tukaenda zahanati kueleza.

"Dada, wenzako mia wanameza hizihizi na hawalalamiki," muuguzi akamwambia. "Sema ukweli, unazitupa wapi?"

"Sizitupi, nesi. Huyu mtoto anashuhudia."

"Mtoto naye umeshamfundisha."

Akaandika neno moja kwa kalamu nyekundu: mtoro. Ndivyo anavyoitwa mgonjwa anayekimbia dawa, na jina hilo huitwa kwa sauti, foleni nzima ikisikia.

Daktari Chupa alipokuja kwetu, hakuuliza vidonge viko wapi. Alichukua damu. Majibu yalionyesha kwamba mama alikuwa na dawa mwilini mara tatu zaidi ya wenzake. Yaani mtoro ndiye aliyekuwa na dawa nyingi kuliko wote. Akapunguziwa dozi, akapona, na leo amekaa safu ya nne. Amenikataza kumwonyesha kwa kidole.

Fundi cherehani wa mtaa wetu hakuwahiwa. Alikaa benchi lilelile la zahanati, akilalamikia nyayo kuwaka vilevile. Alipoitwa mtoro mara ya pili mbele ya wateja wake, aliona aibu, hakurudi tena. Vichupa vilifika kwake wiki moja baada ya mazishi. Nani atamfutia neno lile?

Daktari alipima watu mia nne walioandikwa watoro, na zaidi ya nusu walikuwa wamemeza kila kidonge. Akaandika pendekezo: mgonjwa anayelalamika apimwe damu kabla ya kuitwa mtoro, na ambaye mwili wake ni wa polepole apunguziwe dozi. Ni ukurasa mmoja, Mheshimiwa. Mimi niliumaliza nikiwa nangoja kengele ya shule. Ulifika ofisini kwako miaka sita iliyopita, na kila akiuliza anaambiwa uko kwenye mchakato. Mchakato gani huo? Hata ini la polepole kuliko yote aliyowahi kupima humaliza kidonge kwa siku mbili.

Asubuhi yote tumemsifu, na tumempa saa nzuri ya ukutani. Saa, kwa mtu tuliyemsubirisha miaka sita! Na Jumatatu chumba chake kinageuzwa stoo ya viti. Je, tunamuaga Daktari, au tunaiaga kazi yake?

Naona Daktari unanitikisia kichwa ninyamaze. Nisamehe, bibi. Ni wewe uliyenifundisha kwamba majibu yakitoka husomwa, hata yasipopendeza.

Mheshimiwa, hatuombi jengo. Wiki hii zahanati yetu imeandika watoro wapya wanne, na mmoja wao anasema nyayo zinamwaka. Yeye hana miaka sita ya kusubiri. Tunaomba sahihi yako, na kama leo haiwezekani, tunaomba tarehe. Nakala ya ukurasa ule ninayo. Nashuka kuiweka mezani kwako pamoja na kipaza sauti hiki, kikiwa bado kimewashwa.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa tumsikilize Mheshimiwa.