Bi Yacine Diokhané na Kilo za Dereva Ablaye

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi Yacine Diokhané, mtaalamu wetu wa lishe, atavua koti jeupe na kukabidhi mizani. Hapa hospitalini wapo watakaolia. Wapo pia watakaokimbilia maandazi, na mimi mfamasia, ninayeandika haya, sitawataja kwa majina kwa sababu nitakuwa miongoni mwao.

Alifika hapa Thiès, Senegal, akiwa msichana, akapewa kazi ya kupima watoto waliokonda. Miaka ikapita, watoto wakanawiri, na foleni ikageuka: sasa waliokuja ni wazazi wao, wakihema kwenye ngazi. Wote aliwaambia jambo moja. Kupungua si kujiua kwa njaa. Weka lengo lako la kalori chini kidogo ya unazotumia, kisha usipunje protini: samaki, mayai, kunde, maziwa mgando. Protini inashibisha, na inalinda misuli ili kinachoondoka kiwe mafuta, si wewe mwenyewe. Sukari kwenye chai, jamani, ionewe haya! Walinzi walifikia kuificha sukari yao ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Aliipata.

Lakini habari inayosimuliwa mpaka leo ni ya Ablaye Ngom, dereva wa gari la wagonjwa. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Kila akikanyaga klachi anamwita mama yake. Daktari mpasuaji anayetujia kutoka Dakar mara moja kwa mwaka alisema wazi kwamba hamgusi mpaka ashuke chini ya kilo mia moja. Uongozi nao ukasema, bila goti hakuna usukani. Ablaye ana watoto watano na hajui kazi nyingine.

Bi Yacine akampigia hesabu: kalori elfu moja na mia nane kwa siku, protini gramu mia moja na ishirini. Ablaye akaondoka na moyo mkunjufu. Mwezi ulipoisha akapanda mizani, ameongezeka kilo mbili.

"Shangazi, samaki nakula mpaka nakaribia kuota mapezi!" alijitetea, akimwita kama sote tunavyomwita.

Bi Yacine hakubishana naye. Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, alipiga hodi kwa akina Ablaye, na kama ilivyo kwetu akavutwa kwenye sinia kabla hajamaliza salamu. Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Kwenye sinia mtu hajichagulii. Unakula upande wako, na samaki aliye katikati hugawiwa na mkono wa mwenye nyumba. Mkono huo ulikuwa wa Mama Daba, mzazi wa Ablaye. Kwa kuwa aliambiwa mwanawe anahitaji samaki, alimrundikia vipande, kisha kwa huruma akavisindikiza na wali uliolowa mafuta. Mke naye anasukuma kipande chake. Dada naye. Kurudisha ni matusi. Bi Yacine alikuwa amemfundisha mtu asiye na mamlaka juu ya tonge lake mwenyewe.

Alipoombwa apunguze wali, Mama Daba alifura. "Mwanangu akikonda, mtaa mzima utasema simlishi! Unataka nichekwe?"

"Mama, asipokonda watamwona amekaa barazani mchana kutwa, hana kazi," Bi Yacine akamjibu. "Chagua mwenyewe wakucheke kwa lipi."

Mama Daba aliinama juu ya sinia. Kisha akavuta kabichi, karoti na bilinganya, akajenga ukuta mbele ya mwanawe: samaki ndani, wali nje. Tangu siku hiyo aliulinda mpaka ule kuliko askari wa forodha. Ablaye akinyoosha kidole tu, anachapwa mwiko. "Rudi kwako!" Majirani nao wakaonywa kwamba atakayemwita Ablaye kula atajibu kwake.

Miezi ikapita, kilo zikashuka, ikafika asubuhi ya kupimwa. Daktari alikuwa anaondoka jioni, na kumkosa ni kungoja mpaka mwakani. Mizani ikasema kilo mia moja na gramu mia sita. Ablaye akavua viatu, mkanda, shati. Bado. Ndipo Bi Yacine akaziona hirizi: za ngozi, za chuma, za simbi, kiunoni, mikononi, kifuani, urithi wa babu na babu.

"Vua."

"Shangazi, hizi ndizo zinazoendesha gari, mimi nashika usukani tu. Zikikosa mwili wa kuzibeba zinakufa nguvu."

Bi Yacine, mtu asiyekubali kitu kisichopimika, akavua koti lake. "Basi nifunge mimi."

Ablaye akamfunga zote. Mizani ikasema kilo tisini na tisa na gramu mia tatu.

Chumba cha upasuaji hakiruhusu hirizi, kwa hiyo Bi Yacine hakuzivua. Alizungukia wodi nazo, akihubiri mayai na kunde huku zikigongana kiunoni, na wagonjwa wakimpisha njia. Kisha akaketi na Mama Daba mlangoni pa upasuaji. Nilimpelekea chakula, akakataa. Sikuwahi kumwona akiruka mlo. Nilimuuliza kama siku hizi anaamini mambo hayo.

"Siamini," alisema. "Lakini nimekubali kuzibeba, na mwenyewe yuko usingizini."

Ablaye alipofumbua macho hakuliangalia goti. Alitazama kiuno cha Bi Yacine, akatabasamu, akalala tena. Mimi nililia, wala sioni haya kulisema.

Ablaye bado anaendesha. Bi Yacine, kwa niaba ya wote uliowapima, uliowanyima na uliowabebea, asante sana. Afya na furaha vikufuate nyumbani, na mtu akikukaribisha kula, shangazi yetu, kaa, nawa mikono, wala usihesabu.