Samaki wa Serikali na Mtani Wangu

Wapendwa wa Kashaulili, nimeombwa niseme yaliyonishinda na namna nilivyotoka, na nisiwachoshe. La kwanza nitajaribu. La pili, mke wangu amekaa pale mbele, ananiangalia.

Nyie mnanijua kama mtu wa kuandika andika magazetini. Miaka ya hamsini nilikuwa Bwana Samaki. Reli ilikuwa bado ngeni hapa Mpanda, na machimbo ya madini ya risasi yalimtaka kila kijana anayejua kusoma. Mimi nilikuwa nimesomea viumbe wa baharini, chuo kikuu kule Uganda. Nilijua matumbawe kwa majina yao ya Kilatini. Serikali ikanitazama, ikatazama ramani, ikanipeleka Karema. Ziwa Tanganyika lina sifa nyingi, ila matumbawe halina.

Kazi yangu ilikuwa kununua samaki ufukoni, kuwapima, kuwapasua nione wamekula nini, kisha kuwatia kwenye chupa za formalini, dawa inayozuia maiti kuoza. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja. Kitanda huku, chupa kule.

Ndugu zangu, nilikuwa mpweke kwenye ufuko uliojaa watu. Jioni wanaume walikaa mkekani kuzunguka bakuli moja la ugali. Nikisogea, walisimama wote. "Karibu, Bwana Samaki." Nililetewa kiti, kikawekwa pembeni, upande ule upepo unakoelekea, na chakula changu peke yangu, kimefunikwa kitambaa cheupe. Mwanzoni nilidhani wanaheshimu elimu. Nilikula nimenyoosha mgongo kama gavana.

Miezi ikapita, nikaona hakuna aliyewahi kutia mkono kwenye chakula changu wala kuketi kwangu. Siku moja baada ya misa niliruhusiwa kuwafundisha habari za ziwa. Nilizungumzia tabaka za maji na mnyororo wa chakula. Walisikiliza mpaka mwisho, wakapiga makofi, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza swali.

Nikaamua wananichukia. Nikaomba ukarani machimboni hapa Mpanda, nikakubaliwa. Nilijua nikipanda lori la kunileta huku, sitagusa samaki tena, na samaki ndio kitu pekee nilichopenda tangu shuleni. Hata hivyo nilifunga sanduku.

Asubuhi ya safari, huku nikingoja lori, nilinunua mgebuka mmoja wa mwisho kwa ajili ya chupa iliyobaki. Mama mmoja mkausha samaki, aliyehamia pale karibuni, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia.

"Kumbe mtani wangu," akasema, akamkwapua yule samaki.

Makabila yetu ni watani tangu enzi za babu. Mtani hukwambia lolote, huchukua chako, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

"Mama, huyo ni samaki wa serikali."

"Basi serikali ije ile."

"Anatakiwa kwenye dawa."

"Dawa ipi, hiyo unayonuka? Mtani, hujaambiwa? Unanuka kama marehemu aliyecheleweshwa kuzikwa. Ukikaa karibu, ugali haupiti kooni. Nyie wasomi mnaheshimiwa mpaka mnaoza."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakainamisha vichwa. Mabega yao yalikuwa yanacheka. Nikamwuliza mke wa jirani yangu kama ni kweli.

"Tuliona aibu, Bwana Samaki," akasema. "Tungekwambiaje, mtu mkubwa?"

Pua yangu ilikuwa imezoea siku nyingi. Mtani akanisukumia majivu, ndimu na kisu. "Nawa. Halafu mpasue, si ndiyo kazi uliyosomea?"

Nikampasua, na kwa mazoea nikafungua mfuko wa tumbo. Ulijaa dagaa, wengine bado wanang'aa. "Mnaona?" nikasema bila kufikiri. "Mgebuka anafuata dagaa. Dagaa wakihama, naye anahama. Ndiyo maana kuna miezi hamumpati."

Mke wa jirani akaacha dagaa wake, akaja kuinama. "Kwa hiyo hatukurogwa?"

"Hamkurogwa. Ana njaa tu."

"Mpasue na wangu tuone."

Lori likapiga honi. "Hilo lako," mtani akasema. "Nenda, ama malizia. Usituachie samaki nusu nusu."

Nilimalizia, na wa jirani pia. Lori liliondoka na sanduku langu, likarudi nalo baadaye. Mchana tulikula bakuli moja. Mtani aliziba pua kwa mkono mmoja, akala kwa mwingine.

Sisemi upweke uliisha siku ile. Chupa zilihamia bandani, lakini jioni nyingi bado nilikaa peke yangu. Ila tangu hapo nilifundishia pale wanapopasulia samaki, bila Kilatini, na huko ndiko nilikojifunza kuandika ninachoandika sasa.

Somo langu ni dogo. Mkiwa na mgeni anayeonekana kukaa mbali, msiishie kwenye heshima. Kama ananuka, mwambieni, kisha mpeni ndimu.

Nawashukuru majirani wa ufuko ule, walionivumilia kabla hata sijawafahamu. Na namshukuru yule mama, ambaye ametangulia. Mazikoni kwake ilikuwa juu yangu kumtania, kama mila inavyotaka. Nilisimama kando ya kaburi, sikupata hata neno moja la kuchekesha. Watu wote wakanisubiri kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniliza.