Bi Nimeona na Mstari wa Pili

Ndugu waombolezaji, na waheshimiwa mlioketi chini ya turubai la mbele, familia imenipa mimi, bintiye wa kulea, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na kwa kuwa marehemu alichukia taarifa zilizopambwa, nitasoma yaliyotokea, na tarehe zake.

Mama alizaliwa tarehe 9 Februari 1956 katika zahanati ya kiwanda cha sabuni, alikofanya kazi baba yake, fundi wa boila, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na karani wa vizazi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alimwandika kuwa ni wa kiume, kosa lililochukua miaka ishirini na mbili na barua kumi na moja kusahihishwa, hivyo alipokuja kuajiriwa serikalini hakuwa mgeni wa mambo yake.

Alisoma shule ya msingi ya kiwanda kuanzia 1963, akamaliza sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha ustawi wa jamii mwezi Novemba 1978, na tarehe 2 Julai 1979 akapangiwa ofisi ya mkoa, ghorofa ya pili, chumba namba kumi na moja, dirisha likitazama ukuta, kazi yake ikiwa malezi ya kambo, yaani kuwatafutia familia watoto waliobaki bila mtu. Tarehe 18 Desemba 1982 aliolewa na mwalimu wa hesabu, ambaye hadi alipotutoka mwaka 2011 aliwaambia wageni kwamba yeye aliposa mke mmoja, akaletewa na kabati la mafaili, na Mungu akawajalia watoto wawili wa kiume.

Sasa nafika mahali ambapo mwenyewe alisisitiza pasirukwe.

Tarehe 17 Agosti 1993, wiki moja baada ya kifo cha mama yangu mzazi, jirani yetu alitupandisha ngazi hadi chumba namba kumi na moja, mimi nikiwa na miaka minane na mdogo wangu mitano, tuliyemwita Kifaranga kwa kuwa hakuwahi kuliachia gauni langu. Fomu ya kumpangia mtoto makazi ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina, kwa hiyo watoto wawili wakawa fomu mbili, fomu mbili zikaingia trei mbili, trei mbili zikaenda kwa maofisa wawili, na marehemu, aliyekuwa na fomu tisini za kusaini kabla ya Ijumaa, alizisaini zote mbili bila kuziweka pamoja. Mimi nilipelekwa kituo cha mjini, Kifaranga akapelekwa nyumba ya wilaya ya mbali, safari ya siku nzima, na nilipomuulizia, mlezi wa zamu alinijibu, "Tulia mwanangu, mdogo wako yupo kwenye faili."

Mwezi Machi 1994 niliandika barua kwenye karatasi ya daftari, ikamfikia marehemu, naye akapanda basi siku hiyo hiyo. Kifaranga alikuwa amefariki kwa homa tarehe 2 Januari, na barua ya kuitaarifu ofisi ilikutwa kwenye trei ya mambo yasiyo ya haraka, chini ya ripoti mbili za ukaguzi, ya Januari mwishoni na ya Februari, zote zikisema mtoto anaendelea vizuri. Kaburi hakuonyeshwa, matroni alinyoosha mkono kwenye majani marefu akasema, "Ni huko huko tu, bibi."

Mama alijishtaki kwa maandishi, ofisi ikajibu kwamba malalamiko hayapokelewi mpaka yapitie kwa mkuu wa kitengo, ambaye alikuwa yeye, akayapitisha, yakarudi yakidai nakala mbili zaidi, na hadi leo yanashughulikiwa. Mwezi Aprili alinichukua nyumbani kwake.

Kuanzia hapo alidai kwamba mkoa uache kugawa watoto kutoka ghorofani, badala yake uingie mikataba na vikundi vya mitaa, muuguzi, mwalimu, mshonaji, watu wanaopita mlangoni kwa mtoto kila siku, wawatafutie watoto familia karibu na shule zao, na kila mwezi aliyemtembelea mtoto aandike kwa mkono wake, "Nimeona anapolala," ndipo asaini. Bosi wake alimuuliza, "Yaani watoto wa serikali tuwakabidhi kwa wauza mkaa?" naye akamjibu kwamba muuza mkaa walau hataandika ripoti ya mtoto aliyekwisha kuzikwa. Mkataba wa kwanza ulisainiwa tarehe 4 Mei 1998, mitaa ikafika kumi na minne, na kifungu cha sita kikasema ndugu hawatenganishwi. Mpiga chapa alikataa kubadili fomu, kwa hiyo mstari wa pili wa jina mama aliuchora mwenyewe kwa rula, fomu baada ya fomu, kwa miaka tisa, na watu wakamwita Bi Nimeona. Si kila mtaa ulifaulu, mwaka 2003 alimkuta mwenyekiti wa kikundi kimoja amewageuza watoto vibarua wa matofali, akauvunja mkataba palepale.

Alistaafu mwaka 2016, akaugua figo tangu Juni 2018, na hospitalini akasomewa rasimu mpya ya mkataba, inayoupa mkoa mzima mkandarasi mmoja badala ya vikundi vya mitaa, kwa ajili ya ufanisi, na isiyo na kifungu cha sita. Aliomba rula. Alifariki tarehe 3 Novemba mwaka huo huo, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia, wafanyakazi wenzake, na Mkurugenzi wa Mkoa, ambaye rasimu hiyo ipo mezani kwake ikisubiri saini yake Jumatatu, na ambaye tumemwekea kwenye kiti chake fomu ya mwisho aliyoichora marehemu, mstari wa kwanza una jina langu, wa pili una la Kifaranga. Pale chini, panapoandikwa kwamba mtoto ameonwa anapolala, kwa mdogo wangu hakuna aliyeweza kujaza.

Wewe, mama, nimeona unapolala. Pumzika kwa amani.