Picha ya Watoto wa Mong'ina

Mheshimiwa Chifu Onyancha, Mchungaji Nyamweya, wazee wa soko, akina mama, na ndugu wageni mliotoka kando ya ziwa kuja kumchukua mzee wetu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Bosibori, msaidizi wa Mzee Odero katika studio yake hapa Kisii, ambayo anaifunga leo ili arudi kwao. Wengi mnamjua kwa picha za harusi na za vitambulisho. Mimi nitasimulia picha moja ambayo haikuwekwa kamwe kwenye dirisha la studio. Mama Mong'ina, aliyeketi pale mbele, ameniruhusu.

Kamera yetu ni ile ya lenzi mbili, nzito mkononi, ambayo unainama kuitazama kutoka juu, na mtu wa kulia unamwona kushoto. Niliizoea upesi, nikaipenda, kwa sababu haina kelele. Flashi, ile taa ya kupigia picha gizani, sikuipenda hata kidogo. Globu yake inawaka mara moja tu kwa mwanga unaochoma macho, kisha inabaki imevimba malengelenge, na usipoitoa kwa kitambaa inakuunguza vidole. Lakini nyumba zetu zina giza, na bila flashi tungepiga nini?

Mwaka wa sitini na tisa surua iliingia kijiji cha Ikonge. Mwalimu Abner, mume wa Mama Mong'ina, alituita baada ya binti yao Nyamoita kufariki. Hawakuwa na picha yake yoyote. Tulimkuta amelazwa kitandani, amevishwa gauni la kanisani, na kando yake wamemlaza mdogo wake Momanyi, ambaye naye alikuwa mgonjwa sana. Mama alitaka wapigwe picha pamoja.

Ninyi mliouguza watoto wenye surua mnajua jinsi mwanga unavyomtesa mgonjwa. Nilipofungua mlango kidogo tu, yule mtoto aligeuza uso ukutani akalia. Nilikuwa nimeshaweka globu. Mzee Odero aliniambia niitoe.

Mwalimu Abner akasema, "Piga na taa. Nimekuita ufanye kazi."

"Mwalimu," Mzee akamjibu, "huyu mmoja bado anaona. Sitamuumiza."

Tulitundika shuka mlangoni ili mwanga wa jua uingie polepole. Mzee aliweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akaacha lenzi wazi kwa muda mrefu. Tulimsikia Momanyi akihema.

Momanyi alizikwa wiki ileile.

Nilipoisafisha filamu ile nililia. Nyamoita alitoka wazi kabisa, hata ushonaji wa kola yake ulionekana. Momanyi alikuwa ukungu. Mahali pa uso palikuwa na weupe uliosambaa, kwa kuwa lenzi ilipokuwa wazi yeye alikuwa akitikisika kwa kuhema. Flashi ingemkamata. Mzee alilijua hilo tangu mwanzo, na bado alichagua alivyochagua.

Mwalimu Abner aliitazama picha akairudisha mezani. Alisema kwamba mtu mgeni amemnyima uso wa mwanawe, na maneno hayo aliyarudia sokoni mpaka watu wakaanza kuipita studio yetu bila kuingia. Hamkuyasikia ninyi? Wangapi kati yetu tulimtetea Mzee? Yeye hakujitetea. Mwalimu hajamsalimia tena tangu siku ile, na leo hayupo hapa. Simlaumu. Alizika wawili.

Miezi ilipita, kisha Mama Mong'ina akaja studio peke yake, akaiomba picha ile. Mzee alimwambia kwamba anasikitika, uso haukutoka.

Mama aliishika karibu na dirisha, akaitazama sana. Akasema, "Dada yake ametulia. Huyu anapumua. Hapa mwanangu bado anapumua."

Mzee Odero aliingia chumba cha giza cha kusafishia picha akafunga mlango, na mimi nikamkalisha mama. Hatukufungua studio tena siku hiyo.

Mzee wangu, wako watu watakaokukumbuka kwa picha zilizotoka vizuri. Mimi nimekaa nawe miaka yote hii kwa sababu ya ile iliyoharibika. Nenda nyumbani, upumzishe macho.

Mheshimiwa Chifu, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza hadi mwisho. Asanteni sana.