Shahidi Aliyemwosha Marehemu

Feri ilikwisha kung'oa nanga kuelekea Likoni, na Jael alikuwa bado akimlalamikia mama mwenye buibui aliyesimama kando yake. Yeye na mchumba wake majina yao yamebandikwa ukutani kwa DC, yakae siku ishirini na moja, mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo waoane.

"Umebahatika, mwanangu," alisema yule mama, Mwanatabu. "Mimi nataka kuolewa tena, naambiwa nilete cheti cha kifo cha marehemu mume wangu. Alifariki asubuhi, alasiri tukamzika. Nani angekumbuka karatasi?"

"Lakini mama, cheti ni muhimu."

"Mtongwe nzima ilikula hitima yake. Serikali tu ndiyo haikuja."

Jael alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Sasa wanataka kiapo cha aliyemwosha maiti. Ni nduguye. Ndiye namwendea, aape kuwa kakaye amekufa, nipate kuolewa na mwingine."

"Atakubali?"

"Wallahi sijui. Yeye mwenyewe ameniposa mara mbili, nikakataa."

Feri ikagota ng'ambo. Jael, aliyekuwa akizihesabu siku zake tangu Jumatatu, alimbebea Mwanatabu kikapu mpaka juu ya mteremko, asizitaje tena.