Glasi Moja kwa Siku: Mama Odile Kabemba na Samaki wa Tata Kankolongo

Jumapili tarehe 31 Machi 2019, Mama Odile Kabemba wa maabara ya maji anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kazi, kasoro siku moja. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 2 Aprili 1984. Ofisi ya wafanyakazi ilipomletea barua ya kustaafu alihesabu kwa vidole, akaona siku moja imepotea, akaandika kurasa mbili kuidai. Hakuipata. Lakini mtu aliyezoea kupima maji mpaka desimali hawezi kuachia siku nzima ipite hivi hivi, na sisi wenzake tulimwunga mkono.

Mimi Omer Kalenga nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimeketi naye meza moja kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Ameusoma kabla ya kuchapishwa. Alifuta sentensi mbili za sifa, akaniagiza niweke aibu yake moja, tena nisiipake sukari. Utaikuta huko mbele.

Mama Odile alitoka kwao Kabongo akiwa na cheti cha kemia kutoka kwa masista na sanduku moja la nguo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza zetu. Wapo waliodhani atapewa kazi ya kuosha chupa. Ndani ya mwaka mmoja wao ndio waliokuwa wanaosha, na yeye anazikagua kwenye mwanga wa dirisha na kuzirudisha. Mwaka 2004 tulikwenda bwawa la Nzilo kuchota sampuli, akateleza ukingoni akaingia kwenye tope mpaka kifuani. Tulipomvuta, kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chini, lakini chupa ilikuwa juu mkononi, imefungwa, lebo kavu. Kiatu kile hajakisamehe hadi leo.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mkuu wa maabara wa wakati huo, Tata, yaani Mzee, Kankolongo. Baba yake Tata Kankolongo aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mpaka wakati ule Kasai alikuwa amekwenda mara moja tu, likizo ya mwaka 1981, akarudi na bidoni, dumu la maji, juu ya magoti kwenye treni. Ndani mlikuwa na samaki wadogo wa buluu na dhahabu, kutoka kijito cha babu yake ambacho maji yake yana rangi ya chai. Akawajengea tangi la kioo sebuleni.

Hapa nieleze kidogo kwa ajili ya wenzetu wa karakana. Sisi hupima ukali wa maji kwa namba tunayoiita pH. Saba ni katikati. Chini ya saba maji yana uchachu, juu ya saba yanaelekea kwenye chokaa na magadi. Maji ya bomba ya Kolwezi yanakaribia nane. Samaki wale walizoea sita na kitu. Kwa hiyo Tata Kankolongo alikinga maji ya mvua kwenye tonno, pipa kubwa, akatumbukiza majani makavu ndani ya tangi, na kila siku akatoa glasi moja ya maji ya zamani na kutia glasi moja ya mapya. Kazini sheria ni nyingine: maji yote yanayotoka kiwandani sharti yasogezwe kwenye saba kabla ya kuachiwa mtoni, na dawa yake ni chokaa. Mama Odile alifanya hivyo kwa miaka tisa, mkono wake ukajua bila kuuliza kichwa.

Halafu ukaja mwaka 1993. Waliokuwepo wanaukumbuka na hawapendi kuusimulia. Mgodi ulikuwa umeanguka, mishahara haionekani, na watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa kazini na majumbani, wakaambiwa warudi kwao. Mwezi wa tano Tata Kankolongo aliambiwa arudi kwao. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na kwao kulikuwa mtaa wa tatu kutoka maabara. Alichukua mke, watoto na magodoro, akaenda kulala uwanjani pale stesheni na maelfu ya wengine kungoja treni. Kabla ya kufunga mlango alimpa Mama Odile tangi, tonno la maji ya mvua na daftari.

Alimwambia: “Odile, unichungie bale batu yangu badogo. Mayi yabo usiikimbizake. Mi ntarudia.”

Samaki walikuwa kumi na wanne. Mama Odile aliwabeba kwa mkokoteni mpaka kwake, mchana, watu wakitazama. Jioni vijana wa mtaani walibisha hodi, wamesikia anaficha mali ya Mkasai. Aliwapeleka sebuleni, akawaonyesha tangi, akawaambia: “Mubebe. Lakini mutabeba na mayi yake.” Waliangaliana, wakacheka, wakaondoka. Yeye alifunga mlango, akarudi kuwahesabu samaki.

Sasa ile aibu. Siku ya tatu alipima maji ya tangi, akaona sita na mbili. Mtu wa maabara yetu akiona sita na mbili mkono unakwenda wenyewe. Daftari hakulifungua, alijiona anajua maji kuliko karatasi. Alikoroga maziwa ya chokaa kwenye kikombe, akamimina, akapima, akamimina tena, mpaka karatasi ikaonyesha saba kamili. Anasema alifurahi, akaona amempunguzia bosi wake kazi ya miaka. Kabla chakula hakijaiva samaki walikuwa juu wote, wanahema. Asubuhi tisa walikuwa wamekufa.

Hapo ndipo alipofungua daftari. Lina kurasa arobaini, na karibu kila mstari unasema neno lile lile: glasi moja imetoka, glasi moja imeingia. Samaki anaweza kuzoea maji ya aina nyingi, ila hawezi kuyazoea kwa saa moja. Aliwazika wale tisa nyuma ya jikoni, akalia kama aliyefiwa, maana ndivyo ilivyokuwa.

Na Tata Kankolongo hakuwa mbali. Treni haikuja. Kila siku mchana Mama Odile alimpelekea bukari, ugali wetu, na mchicha wa lenga-lenga pale stesheni, akapita katikati ya mafurushi, watoto wanaokohoa na wazee waliolala chini. Siku hiyo pia alikwenda. Mzee alipokea sahani, akanawa, akauliza:

“Samaki beko namna gani?”

“Beko muzuri, Tata.”

“Bote?”

“Bote.”

Alimwuliza hivyo kila siku kwa siku kumi na saba, naye akamjibu hivyo kila siku. Angefanyaje? Mtu amenyang'anywa kazi, nyumba na mji aliozaliwa, kimebaki kitu kimoja anachokiulizia. Nani atasimama mbele yake aseme, “Kimekufa, tena kwa mkono wangu”? Usiku hakulala, mchana alipeleka chakula. Siku ya kumi na nane treni iliondoka. Mzee alichungulia kwenye dirisha la behewa akauliza tena, akajibiwa tena, na uongo huo ndio uliokuwa neno lao la mwisho ana kwa ana.

Mwezi wa kumi mwaka ule ule niliajiriwa mimi. Niliseme wazi, kwa kuwa Mama Odile hakujificha na mimi sina sababu ya kujificha: nafasi ilikuwepo kwa sababu Tata Kankolongo alikuwa hayupo. Sikumfukuza mimi. Lakini kiti chake nilikikalia, na koti lake jeupe nikalivaa, jina lake limetariziwa juu ya mfuko. Nilikuja na wembe kulifumua. Mama Odile, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amenisemesha, aliinua kichwa akaniambia: “Ile jina usiifumue.” Akarudi kwenye chupa zake. Nilitembea na jina la mtu mwingine kifuani kwa miaka sita, mpaka koti likachanika, na ninaona haya kwamba ilibidi niambiwe.

Miaka ile maabara ilikuwa jina tu. Karatasi za pH alizikata kwa wembe, kila moja ikatoa vipande vinne vyembamba kama njiti. Zilipokwisha alichemsha maua mekundu ya ngai-ngai. Ukitia kwenye maji machachu rangi inabaki nyekundu, kwenye maji ya chokaa inageuka kijani. Wageni wa ukaguzi walidhani anatengeneza juisi, na mmoja aliomba glasi. Kwa dawa hiyo ya jikoni tuliendelea kupima maji ya mji mzima. Asubuhi moja ya mwaka 1996 alitia maji ya bomba kwenye glasi ya tangi, akadondoshea ngai-ngai, akaona rangi ya kijani isiyo ya kawaida kabla hajamimina. Alikwenda kwa miguu mpaka kwenye pampu na kuwaambia mafundi kifaa cha kutia chokaa kimekwama kikiwa wazi. Kilikuwa kimekwama. Ukitaka kujua kwa nini watu wengi Kolwezi hawakuchubuka midomo siku ile, sababu ni wale samaki watano waliobaki na uzao wao.

Watano hao aliwatunza kwa glasi. Ya mvua, ya bomba kidogo, ya mvua. Maji aliyoyapandisha kwa saa moja aliyarudisha chini kwa miezi miwili. Baada ya mwaka samaki jike mmoja alitaga. Watoto wengi walipotea, wachache walikua. Siku ya Krismasi mwaka 1995 alihesabu akapata kumi na wanne. Siku ile ile akaandika barua ya kukiri yote: chokaa, wale tisa, na uongo wa siku kumi na nane. Aliikabidhi kwa Muamba, mfanyabiashara anayekwenda Mwene-Ditu huko Kasai, ambako tulisikia mzee yuko.

Jibu lilichukua miezi minane. Alilisomea maabara, amesimama. Ninalinukuu kwa idhini yake:

“Odile, nilijua. Siku ya ine ulileta bukari, na mu kucha zako mulikuwa chokaa. Ku labo kazi ilikuwa imesimama. Ile chokaa ilikuwa ya nini? Kama ningekugombeza, ungeona haya, haungekaribia tena ku tangi. Njo maana nilikuwa nakuuliza kila siku. Nilitaka usiache bale benye kubakia. Usinitumie hata mumoja. Balizaliwa Kolwezi, babakie Kolwezi.”

Mama Odile aliikunja barua mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa koti, akavuta rafu ya chupa karibu akaanza kazi. Tata Kankolongo hakurudi. Alifariki huko mwaka 2009, bila kuwaona tena samaki wake wala mji wake.

Mafanikio mengine ya Mama Odile yako kwenye faili. Amefundisha vijana kumi na wanane, na hakuna aliyewahi kumimina kitu kwa haraka mbele yake mara mbili. Sasa anahamia Lubudi kwa mdogo wake Rachelle. Tangi hawezi kwenda nalo, kwa kuwa anasema maji ya kule yana chokaa kupita ya kwetu, na hasira na chokaa bado hazijamwisha. Tangu mwezi uliopita liko sebuleni kwangu, lina samaki ishirini na mmoja. Glasi ameniachia ile ile. Naiweka juu ya kile kipande cha mfuko chenye jina, nilichokikata koti lilipochanika.

Mama Odile, kwa niaba ya maabara nzima tunakushukuru kwa kila chupa uliyoirudisha ioshwe upya, na tunakutakia uzee wa polepole, wenye afya na kicheko. Ombi letu ni moja. Simu unayo. Tuulize kila siku samaki wako namna gani. Nami nitakujibu beko muzuri, bote, na kabla ya kukujibu nitakuwa nimewahesabu.