Vumbi Lililonitangulia

Bwana asifiwe! Mbona mnaitikia kama watu walioamka sasa hivi? Bwana asifiwe sana! Haya, hapo sawa. Naomba nikae, huu mguu wenye vyuma haupendi kusimama. Mchungaji ameniambia nisiongee sana, lakini yeye hakuanguka na pikipiki.

Ndugu zangu, wengi hapa Voi mnanijua kama Baba Wakesho wa duka la spea. Vijana hamjui kwamba nilikuwa nashindana mbio za pikipiki. Si bodaboda, la! Mbio zenyewe, kutoka Maungu mpaka ndani ya mashamba ya mkonge. Nilikuwa moto! Nikipita, akina mama walianua nguo kwenye kamba.

Sasa sikilizeni. Kwenye barabara zetu, aliye nyuma anakula vumbi la aliye mbele. Wa kwanza hali vumbi, na hiyo ndiyo raha ya kuongoza. Siku moja nilikuwa naongoza, wenzangu nimewaacha mbali, na mbele yangu nikaona vumbi. Jekundu, refu, vumbi la pikipiki inayokimbia. Nikasema, huyu amenipita saa ngapi? Nikamfukuza. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Kwenye kona ya kuingia mkonge vumbi likanifunika lote. Nilipozinduka nilikuwa hospitali, bega limevunjika.

Sasa, wakati naanguka mke wangu alikuwa amesimama pale pale kwenye kona, anatazama mbio. Nikamuuliza, "Mama Wakesho, yule aliyekuwa mbele yangu ni nani?"

Akanitazama kwanza. "Mbele yako hakukuwa na mtu. Ulikuwa peke yako, na njia ilikuwa safi."

Nikajiambia ni kichwa tu kimegongwa. Bega likapona, nikarudi mbioni. Binadamu ni mbishi, jamani! Vumbi nalo likarudi. Safari hii lilikuwa karibu, hata injini yake niliisikia, na ilikuwa inalia vile vile kama yangu. Siku hiyo ndiyo mguu huu ulibaki chini ya pikipiki. Daktari akaniambia nishukuru kwamba bado ni wangu. Nikashukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nangoja tu niachane na magongo.

Mama Wakesho alilia mpaka machozi yakamwisha. Akasema, "Mimi hospitali nimechoka kuja. Najua mara ijayo nitaitiwa mochari."

Nami sikusikia. Nikampelekea fundi wangu Mutiso pikipiki aitengeneze. Mutiso ni Mkamba wa utani mwingi. Akakuta tairi ya nyuma imeng'oka jino moja, akacheka: "Wewe sasa hata ukiiba kuku tutakujua kwa alama!" Na kweli, kila tairi ile ilipozunguka iliacha pengo kwenye mchanga.

Nikaenda kuijaribu upande wa Marungu, alasiri, peke yangu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, barabara imelowa chepechepe. Ndugu zangu, ardhi iliyolowa haitoi vumbi! Lakini vumbi lilikuwepo. Na halikuwa linakimbia. Lilikuwa limesimama katikati ya njia, linaningoja. Hakuna upepo. Hakuna ndege anayelia. Injini tu, ndani ya lile vumbi, inanguruma polepole.

Mnafikiri niliogopa? Mungu ananiona, nilifurahi! Moyo wangu ulitaka kumpita. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Likaondoka, nami nikaondoka. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Ndipo lile neno la mke wangu likanijia, mochari, kama vile amenisemea sikioni. Nikapiga kelele, "Yesu, nishike! Huyu simtaki!" Na mkono huu ambao haukupenda breki hata siku moja, ukakamata breki. Pikipiki ikateleza, ikazima. Ile ya mbele haikuzima. Iliendelea kidogo, halafu ikanyamaza ghafla.

Vumbi likatua. Nikachechemea mbele kuangalia. Kwenye tope kulikuwa na alama za tairi, mbichi kabisa, maji ndiyo yanaanza kuingia ndani yake. Nikainama. Nikaona pengo. Nikasogea, pengo tena. Jino lililong'oka! Nikageuka nyuma: alama zangu ziliishia pale pikipiki iliposimama. Hizi zilianzia mbele yake. Zikaenda moja kwa moja mpaka mahali mafuriko yalipokata barabara, shimo la kumeza lori zima. Zikaingia. Ng'ambo ya pili hazikutoka.

Sikuchungulia. Niiteni mwoga. Nilijua ni nani yuko kule chini.

Nikasukuma pikipiki mpaka nyumbani kwa mguu huu mbovu. Mama Wakesho akatoka mlangoni. "Imeharibika?"

"Hapana. Nimeacha."

Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaomba kwa Kidawida, lugha ya mama yake, na mimi nikalia kama mtoto. Mbio zikaishia hapo.

Msidhani vumbi limekwisha. Siku zingine nikiwa dukani naliona ng'ambo ya reli, limesimama. Mke wangu akiona nimekodoa macho, ananivuta shati: "Kaa chini, Baba Wakesho." Nami nakaa, nalitaja jina la Yesu, na mteja anauziwa spea yake.

Ndugu yangu uliyekaa hapo nyuma, labda nawe kuna kitu unakifukuza, kila ukikaribia kinaongeza mwendo. Usingoje kona. Mwite Yesu sasa, ukiwa bado na mkono wa kushika breki. Yeye alinishika mimi, mbishi wa wabishi, na wewe atakushika.

Mwacheni yule apite. Siku ile ya Marungu yeye alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa pili, na jioni nikala ugali na mke wangu. Asante Yesu, nilikuwa wa pili!